Kiti cha Mabati

Shingo yangu haigeuki vizuri upande wa kulia, na majirani wengine hudhani naringa. Siringi. Ni miaka ya kuinama tu. Nilikaa muda mrefu nimeinamia vitu visivyozidi urefu wa kidole cha kati, nikivipaka rangi kwa brashi yenye nywele nne au tano, na mwili haujasahau. Dawa za kuchua nimepaka mpaka nguo zangu zinanuka kama duka la dawa. Hata kueleza nimechoka.

Kazi yenyewe ukiieleza, watu wanakucheka. Mwisho mwisho wa miaka ya tisini, kwenye godauni moja ng'ambo ya reli, upande wa viwandani, kulikuwa na mzee tuliyemwita mdosi kwa sababu ndiye aliyetulipa. Alikuwa anayeyusha bati na risasi, anamwaga kwenye kalibu, na humo wanatoka askari wadogo wa zamani, wale wa Ulaya waliokwenda vitani wamevaa chuma kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu. Deraya, kwa Kiswahili cha vitabuni. Sisi tuliita mabati. Askari wakishapoa waliletwa kwetu, wanawake kumi na wawili, tuwapake rangi, halafu wanafungwa mmoja mmoja kwenye karatasi laini na kupelekwa ng'ambo kwa wazee ambao, tuliambiwa, wanawapanga kabatini na kuwatazama. Mtu mzima na kabati la wanasesere. Mimi sikuwahi kuelewa, lakini mtoto wangu alikula kwa sababu yao, kwa hivyo siwasemi vibaya.

Kumi na mmoja kati yetu tulikuwa vibarua. Unafika getini saa moja asubuhi, unasimama, unaambiwa ingia, ama unaambiwa leo hakuna kazi, rudi. Nilikuwa natoka Shauri Moyo kwa miguu, napita soko la Burma wakati wenye bucha wanatundika nyama, nafika nina vumbi mpaka kwenye kope, halafu naambiwa rudi. Kule kurudi ndiko kulikonimaliza, si kazi. Unapita tena mbele ya bucha zile zile na watu wale wale waliokuona ukienda, na unajua jirani aliyebaki na mtoto wako atakuuliza mbona mapema.

Mmoja tu ndiye aliyekuwa ameandikwa kazi ya kudumu, na huyo ndiye aliyepaka mabati. Viatu, nyasi, majoho na farasi mtu yeyote angeweza kufundishwa kwa wiki mbili. Mabati hayakufundishika hivyo. Mwenye kupaka mabati alikaa kwenye meza ndogo karibu na dirisha, na kiti chake tulikiita kiti cha mabati, kama vile watu wanavyosema kiti cha chifu.

Aliyekikalia siku hizo alikuwa mama wa makamo kutoka mkoa wa Magharibi, mnene, mpole, mwenye sauti nene ya kwaya. Sote tulimwita Mathe. Mimi niliwekwa meza hiyo hiyo, ng'ambo, tukitazamana, kwa sababu farasi walikuwa wangu na farasi hawatoki bila mpanda farasi. Dirisha lilikuwa kushoto kwake. Kwangu lilikuwa kulia. Nalisema hili sasa ili nisije kulirudia baadaye.

Siku Mathe alipoamua kunifundisha mabati, nilijiona fundi. Nilichukua rangi ya fedha nikampaka askari wangu mara tatu, nikamsugua kwa kitambaa mpaka akameta, nikampa nikitabasamu.

Akamgeuza geuza. "Huyu umemwosha na waya?"

"Vipi, Mathe?"

"Umenipakia sufuria."

Nilikasirika, sitaficha. Baadaye nilikuja kujua kwamba kila mwanamke aliyeingia godauni lile alianza kwa kosa hilo hilo. Tumelelewa kwenye nyumba za chumba kimoja, sufuria zimepangwa ukutani zikitazama mlango ili mgeni azione kabla hajaona kitu kingine. Mama yangu alikuwa ananifinya kwa ajili ya doa moja kwenye kifuniko. Kwetu chuma kizuri ni kile kilichosuguliwa kwa jivu na waya mpaka unajiona uso. Sasa mtu anakupa askari wa chuma, utafanya nini? Unamsugua.

Mathe hakubishana na mimi. Jumamosi hiyo, tulipotoka kazini saa saba, alinichukua kwenda kwake, mtaa wa Huruma, lakini kabla hatujafika nyumbani akanipitisha Kiamaiko, kwa wachinja mbuzi. Akasimama karibu na kijana aliyekuwa anachuna, akawa anatazama kisu chake.

"Niaje, masiste," kijana akasema. "Mnanunua mbuzi ama mnanunua kisu?"

"Tunaangalia," Mathe akamjibu.

"Kuangalia ni bure. Ila msinikanyagie ngozi."

Mathe akanishika kiwiko. Kisu kile kilikuwa cheusi karibu na mpini, kijivu katikati, na kwenye makali palikuwa na mstari mmoja mweupe, mwembamba kama uzi. Kijana alipogeuza mkono, mstari ulihama.

"Umeuona?" Mathe akasema. "Chuma ni cheusi. Ule weupe si wake, ni wa jua. Kwa hivyo unaanza na cheusi. Kijivu kinafuata. Kahawia kidogo kwenye viungo, pale jasho na mvua huingia. Weupe ni wa mwisho kabisa, na ni kidogo, na unauweka pale macho yako yanapouona. Si pale unapofikiria uko."

Akanipeleka kwake, akanipa chai ya maziwa na viazi vitamu, na jioni ilipokaribia akanisindikiza mpaka Juja Road. Tulipofika, nami nikamrudisha nusu ya njia, kisha akanisindikiza tena. Wanawake wa kwetu hatujui kuagana. Kila nilipokwenda kwake baada ya hapo ilikuwa hivyo hivyo. Hakuwahi hata siku moja kuniacha mlangoni.

Baada ya mwaka mmoja na kidogo niliweza kupaka mabati ambayo hata mdosi angeyachukua, lakini kiti kilikuwa kimoja, na mwenyewe alikuwepo. Sikukitamani. Nasema kweli, wakati huo sikukitamani.

Macho yake yalianza kumsumbua mwezi wa tatu. Kwanza alimwaga chai. Kisha nikamwona ameweka mwanga wa goti kwenye mkuki, mstari mweupe unaelea mahali pasipo na chuma. Nilimfutia kwa kidole kabla haujakauka, naye akahisi meza inatikisika akajua. Wakati wa chakula cha mchana alinivuta nyuma ya godauni, tukakaa juu ya mbao.

"Ni kama kuangalia kupitia pazia," akaniambia. "Yote mawili."

Alikuwa ameshakwenda hospitali. Walimwambia ni mtoto wa jicho, na kwamba atapasuliwa na kuona tena vizuri, lakini mtoto huyo hajaiva. Arudi baada ya miezi mitano hivi. Siku hizi sijui kama bado wanasubiri hivyo, lakini wakati ule mtu aliambiwa angoje jicho liive, naye alingoja.

"Miezi mitano tu," akasema. "Nikitoka kwenye hiki kiti sasa, nikipona nitarudi wapi? Nisimame getini na nyinyi, na haya magoti?"

Nilimwambia hatatoka. Nilisema haraka hata bila kufikiri, kwa sababu nilimpenda na kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na minne.

Mpango wetu ulikuwa hivi. Yeye angepaka cheusi na kijivu, maana hivyo mkono wake ulivijua hata bila macho. Kisha angemsukuma askari chini ya gazeti mpaka upande wangu, mimi nimwekee kahawia na mwanga, nimrudishe. Wenzetu walikuwa kwenye meza kubwa wametupa mgongo. Mdosi alikuwa ofisini kwake. Mpango ulifanya kazi. Askari walitoka, wakafungwa kwenye karatasi, wakatiwa kwenye maboksi, hakuna aliyeuliza.

Lakini mimi nilichoka, jamani. Nilikuwa nafanya kazi ya watu wawili na kulipwa ya kibarua. Farasi wangu walichelewa, na mdosi alinihesabia kuchelewa huko. Mara mbili nilirudishwa getini, na siku hizo mbili sijui Mathe alifanyaje, nadhani alikaa akapaka cheusi juu ya cheusi. Nyumbani maji yalikuwa yanakuja siku moja yanakosa tatu. Mtoto alikuwa anatoa meno. Nilikuwa nalala nimeshika brashi kwa ndoto, naamka vidole vimekunjika. Kuna asubuhi nilipita Burma nikamwonea wivu mbuzi aliyetundikwa, kwa sababu yeye angalau hakuwa anakwenda mahali.

Sasa, mwaka ule stima ilikuwa ya mgao. Zile taa ndefu za darini zilizimwa kutwa nzima, na mwanga wetu ulikuwa wa dirisha lile moja. Mathe alikuwa amenifundisha niweke weupe pale macho yangu yanapouona. Nami nikauweka. Miezi minne nzima nikauweka, askari baada ya askari, bega la upande wa dirisha, goti la upande wa dirisha, na sikuwaza hata mara moja kwamba dirisha langu halikuwa upande mmoja na lake. Yeye angegundua mara moja. Lakini yeye ndiye asiyeona.

Mwezi wa saba mdosi alipata oda ya askari arobaini kwa mpigo, vita kamili, na mwenye kuvinunua alitaka picha kabla havijasafirishwa. Mdosi akatandika kitambaa cha kijani kwenye meza kubwa, akawafungua wote kutoka kwenye karatasi, akawapanga kwa mistari. Kumi na watano walikuwa wa zamani, wa Mathe mwenyewe, kutoka stoo. Ishirini na watano walikuwa wetu. Sote tuliacha kazi tukaja kutazama, maana hatukuwa tumewahi kuwaona pamoja.

Walipendeza. Kisha hawakupendeza, na hakuna aliyejua kwa nini. Mmoja wetu akasema labda ni kitambaa.

Mdosi akavaa miwani, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na meza. Halafu akanyoosha kidole.

"Hawa jua lao linatoka huku," akasema taratibu. "Na hawa jua lao linatoka huku." Akainuka. "Mama, ulihama kiti?"

Mathe alikuwa amesimama nyuma yetu, akitazama mahali ambapo sauti ilikuwa inatoka. Mdosi akageuka akaangalia meza yetu ndogo, kiti chake, dirisha, kiti changu. Ilimchukua muda wa kufikicha macho mara moja.

"Nani amepaka hawa wa huku?"

Kibarua aliyekamatwa na uongo hakusubiri hata mwisho wa siku, geti alilifunga nyuma yake. Nilifungua mdomo, na sijui ningesema nini, maana Mathe alinitangulia.

"Ni mimi nilimwambia," akasema. "Alikataa. Alikataa kabisa, nikamlazimisha. Mimi sioni, bwana. Tangu mwezi wa tatu sioni. Yeye msimguse."

Sikuwa nimekataa. Hata kwa dakika moja sikuwa nimekataa. Mathe, aliyekuwa anaimba kwaya kila Jumapili, alisimama mbele ya watu kumi na wawili akadanganya, na mimi nikanyamaza nikaupokea uongo wake.

Mdosi hakupiga kelele. Ingekuwa rahisi kama angepiga. Alimwambia aende nyumbani atibu macho yake, na akipona aje waone. Kisha akanigeukia mimi. Kesho nikae kiti cha mabati, na nianze na hao ishirini na watano, niwapake upya, jua litoke upande mmoja.

Mathe alikusanya vitu vyake: kikombe, leso, Biblia ndogo aliyokuwa hawezi tena kuisoma. Kwenye kiti palikuwa na kijimto alichoshona mwenyewe kwa vipande vya vitambaa, kwa sababu ya mgongo. Alikishika, akakipapasa, akakirudisha pale pale.

"Nakushikia tu, Mathe," nikamwambia.

Mtu wa Eastlands, huku mitaani kwetu, anajua maana ya maneno hayo. Maji yakikosekana, watu wanapanga mitungi kwenye foleni ya bomba, na mtu akiitwa nyumbani anamwambia wa nyuma yake nishikie. Anaacha mtungi wake. Akirudi hata baada ya saa mbili, nafasi ni yake, na anayekataa anapigiwa kelele na mtaa mzima. Kijimto kile ndicho kilikuwa mtungi wake, sote wawili tulijua.

"Najua," akasema. Nilimshika mkono nikampitisha kwenye mlango, mwenzetu mmoja akampeleka kwao.

Nilikwenda kumwona mara moja, na mkate na sukari. Bado alikuwa anangoja jicho. Tulikunywa chai, akaniuliza habari za askari, na nilipotaka kuondoka akatafuta leso yake anisindikize, akipapasa ukuta. Nilimkatalia, akakataa kukataliwa, tukaenda tumeshikana mpaka Juja Road, na ikabidi nimrudishe mpaka nyumbani kabisa. Sikurudi tena. Nilijiambia ni uchovu. Jumapili nafua, nachota maji, mtoto ana kikohozi. Yote yalikuwa kweli.

Baada ya miezi mitatu mdosi aliniita ofisini akanipa barua. Kazi ya kudumu. Sijui nikueleze vipi. Si mshahara ninaouzungumzia. Ni kule kutosimama getini. Asubuhi ya kwanza baada ya barua ile nililala mpaka saa kumi na mbili na nusu, nikaamka bila kuhema, nikampa mtoto uji kwa kijiko, pole pole, mpaka akaumaliza. Nikapita Burma kama mtu anayekwenda kazini, si kama mtu anayekwenda kuomba. Nilikuwa sijui kwamba nilikuwa nimechoka kiasi kile mpaka nilipopumzika kidogo.

Alirudi mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Nilisikia sauti yake kabla sijamwona, anasalimia meza kubwa mmoja mmoja. Alikuwa amekonda. Alivaa miwani minene iliyofanya macho yake yaonekane makubwa kama ya ng'ombe, na nyuma ya miwani macho yalikuwa safi kabisa. Mdosi alimleta mpaka kwenye meza yetu.

"Kiti ni kimoja," akasema. "Nyinyi mnajuana. Ongeeni." Akarudi ofisini kwake, na mpaka leo sijui kama ule ulikuwa wema ama woga.

Mathe alisimama pale, mwanga wa dirisha umempiga usoni. Alikuwa anangoja, na nilijua anangoja nini, kwa sababu nilikuwa nimekalia kijimto chake. Kilichotakiwa ni kuinuka. Mtu anaweka mikono kwenye meza, anasukuma, anasimama. Sikuhitaji hata kusema.

Nikawaza geti. Nikawaza kurudi kupitia Burma saa mbili asubuhi.

"Karibu Mathe," nikasema. "Keti hapo." Na nikamwonyesha kiti cha ng'ambo, kiti changu cha zamani, kiti cha kibarua.

Alikitazama. Kisha akanitazama mimi, na hayo macho mapya. Akakaa. Alichukua askari niliyekuwa nimemmaliza asubuhi ile, akamwinua karibu na dirisha, akamgeuza pole pole, kichwa, kifua, goti.

"Mwanga umeuweka upande wangu," akasema.

"Ndiyo, Mathe."

"Na kahawia umepunguza. Ni vizuri hivyo." Akamrudisha mezani, akamweka wima kwa uangalifu. "Hicho kijimto bado kinafaa?"

"Kinafaa."

"Basi kaa nacho."

Akainuka. Akasema anataka kufika Huruma kabla ya mvua, ingawa nje palikuwa pakavu. Akawaaga wa meza kubwa kwa mkono, mmoja mmoja, nao wakawa wananiangalia mimi. Yule mama ambaye hata alipokuwa kipofu alinifikisha Juja Road alitembea peke yake mpaka mlangoni, akafungua, akatoka.

Nilikuwa nimemshika askari mwingine, rangi bado mbichi. Nilijiambia nikimweka chini ataharibika. Sikuinuka kumsindikiza.